Modesta na Roboti ya Kutoboa Mabati

Modesta alikuwa anakoroga uji nyumbani kwao Usagara. Mwiko ukamponyoka, ukatumbukia sufuriani. Akauchomoa kwa mkono mtupu.

Mama mkwe wake, Bi Selina, akaruka kutoka kwenye kigoda.

"Mayu! Mama yangu! Uji unachemka huo! Huungui?"

Modesta akatazama vidole vyake. Maumivu yalikuja baadaye, taratibu, kama mgeni asiye na haraka.

"Nimezoea moto, mama," akasema huku akicheka.

Lakini hayakuwa mazoea. Kwa muda mrefu vidole vyake vilikuwa vinakufa ganzi. Alfajiri vilimchoma kama vimejaa sindano. Hakumwambia mtu, hata mume wake, Nestory. Aliogopa, kwa sababu yeye na Nestory walifanya kazi moja, tena kwa jozi. Mmoja akishindwa, mwingine naye amekwama.

Wote wawili walikuwa mafundi katika karakana ya kuunda ndege ndogo, kando ya barabara ya kwenda Misungwi. Ndege hizo zina viti vinne tu. Hubeba watalii, madaktari na wagonjwa wa visiwa vya ziwani. Mwili wa ndege ni mabati membamba ya alumini. Mabati hayo huunganishwa kwa ribiti, yaani misumari mifupi isiyo na ncha. Bawa moja lina maelfu ya ribiti.

Modesta alishika nyundo ya upepo, inayotetemeka kwa nguvu ya hewa, na kugonga ribiti upande wa nje. Nestory alisimama upande wa pili na kukandamiza kipande cha chuma kizito ili ribiti ipondeke na kushika. Trrrr! Trrrr! Kutwa nzima. Walijuana hivyo hivyo, mmoja huku, mwingine kule, bati katikati. Nestory alipenda kuwaambia watu, "Mimi mke wangu nilimchumbia kupitia bati."

Siku moja mwenye karakana, Bwana Mashimba, aliwaita mafundi wote.

"Wateja wamekuwa wengi kuliko mikono yetu," alisema. "Nimeagiza roboti. Ni mkono wa chuma unaoongozwa na kompyuta. Utatoboa matundu na kugonga ribiti wenyewe."

Fundi mmoja, Venant, akanyoosha mkono.

"Bosi, roboti hiyo inakula ugali?"

Watu wakacheka.

"Basi mnacheka nini?" Venant akaendelea. "Haili, haiumwi, haiendi msibani. Sisi tutabaki na kazi gani?"

"Mtafundishwa kuiendesha," Mashimba alijibu. "Sitamfukuza mtu kabla hajapewa nafasi ya kujifunza."

Maneno yalikuwa mazuri, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani Nestory alitangulia mbele peke yake.

Jioni walipata mgeni. Alikuwa Shamsia, fundi mitambo kutoka Mwanza mjini. Ndiye aliyekuja kuifunga roboti, na alikuwa amepanga chumba nyumba ya jirani. Bi Selina akamkaribisha kwa sangara na ugali. Modesta akaleta sufuria ya mchuzi kutoka motoni bila kitambaa.

Shamsia akamtazama. "Dada, hebu fumba macho."

Modesta akafumba. Shamsia akamgusa ncha ya kidole kwa njiti ya kiberiti.

"Nimegusa kidole kipi?"

"Cha kati."

"Nimegusa cha shahada."

Nestory akaacha kutafuna. "Mke wangu, hali hii imeanza lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia ungesema niache kazi."

Bi Selina akashika kichwa. "Mwanangu amelogwa!"

"Hapana, mama," Shamsia alisema kwa upole. "Ni mtetemo wa ile nyundo. Unaumiza neva na mishipa ya damu ya vidole, kidogo kidogo. Akiendelea, ganzi inaweza isiondoke tena. Aende kituo cha afya mapema. Na hiyo ni sababu moja ya kuleta roboti. Chuma hakipati ganzi."

"Lakini chuma kitatunyang'anya ugali," Nestory akasema.

"Shemeji, sitakudanganya. Kazi ya kugonga itapungua. Tena roboti ni ghali, inataka umeme usiokatikakatika, na inataka watu waliofundishwa. Kibaya zaidi, haijui ikikosea. Ni kama ng'ombe wa kulimia. Nguvu anazo kukushinda, lakini mpaka wa shamba haujui. Mtaro wa kwanza ukipinda, atapinda shamba zima."

"Hapo umesema kweli!" Bi Selina akapiga paja. "Ng'ombe bila mshika plau ni hasara tupu."

Kesho yake Modesta alikwenda kituo cha afya. Mganga akamkataza kabisa kushika nyundo ya upepo. Basi akajiandikisha kwenye mafunzo ya Shamsia. Nestory alikataa.

"Mimi sisomeshwi na chuma," alisema.

Siku ya kwanza ya kazi, mafundi wote walijazana kutazama. Mkono wa roboti uliinuka, ukazunguka, ukaanza kutoboa. Tundu, tundu, tundu, haraka kama cherehani. Watu wakapiga makofi. Kisha Modesta akainama kuangalia. Bati lilikuwa limewekwa upande kidogo. Safu nzima ya matundu ilikuwa imepinda!

Nestory aliangua kicheko. Lakini alipoona bati zuri likiburutwa kwenda kwenye chakavu, kicheko kilimwisha.

"Kosa ni letu," Shamsia alisema. "Tulikuwa na haraka. Mtu akikosea, huharibu tundu moja na kushtuka. Roboti ikikosea huharibu bawa zima, na haishtuki. Kuanzia sasa, kwanza tunajaribu kwenye kipande chakavu. Tukiridhika, ndipo tunaweka bati lenyewe. Na mtu mmoja atakuwa anapima matundu muda wote."

Mtu huyo akawa Modesta. Alipewa kipimo, kijiti cha chuma kinachoingia barabara kwenye tundu sahihi. Kazi hiyo haikutaka nguvu wala nyundo. Ilitaka macho na subira.

Wiki kadhaa baadaye mteja alikuwa anasubiri ndege yake. Mashimba alikuwa anapita huku na huku akisema, "Twende, twende!" Roboti ilitoboa bawa bila kupumzika. Modesta akaingiza kipimo kwenye tundu. Kikakwama. Akajaribu tundu jingine. Kikakwama tena.

Akatazama kitufe chekundu cha kuzima roboti. Akizima bila sababu, atamchelewesha bosi mbele ya mteja. Asipozima, watu watapanda ndege hii na kuruka juu ya ziwa.

Akabonyeza. Mkono wa roboti ukasimama.

"Nani amezima?" Mashimba alifoka.

"Mimi, bosi. Matundu hayapitishi kipimo."

Shamsia akafungua mkono wa roboti na kutazama biti ya kutobolea. Ilikuwa imekuwa butu. Akafunga nyingine, wakajaribu kwenye kipande chakavu, wakarekebisha yale matundu machache mabaya, kazi ikaendelea.

Mashimba akavuta pumzi ndefu. "Ungenyamaza, tungelitupa bawa zima. Sikilizeni wote! Anayeona kosa abonyeze kitufe. Asiniombe ruhusa."

Tangu hapo mambo yakanyooka. Mashimba alinunua jenereta kwa ajili ya siku za umeme kukatika. Ndege zilitoka haraka kuliko zamani, kwa hiyo kazi nyingine zikaongezeka: kufunga viti, nyaya na milango. Venant hakupenda mashine. Aliondoka, akafungua duka la madirisha ya alumini Misungwi. Nestory alibaki kugonga ribiti za mkiani, mahali mkono wa roboti haufiki. Sasa alifanya hivyo kwa zamu fupi na mapumziko, kama mganga alivyoshauri. Sindano za alfajiri zikaanza kumwachia Modesta.

Ndege ya kwanza iliyoundwa kwa msaada wa roboti iliruka asubuhi yenye jua. Ilizunguka juu ya ziwa, ikarudi, ikatua kwa ulaini. Bi Selina alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nestory alibaki amesimama, akiangalia lile bawa kwa muda mrefu.

Jumatatu iliyofuata mafunzo mapya yalianza. Safari hii aliyefundisha ukaguzi alikuwa Modesta. Mara mlango ukafunguliwa. Nestory akaingia na miwani yake ya kazi mkononi, akainama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Modesta alijitahidi asicheke.

"Marahaba, kijana," akajibu. "Umechelewa. Vaa miwani, uketi mbele."