Ameachiwa Akiwa Mzima

Selo ilikuwa tupu, na mtu akagonga mlango kutoka ndani.

Aligonga mara tatu, taratibu, kama anayeogopa kusumbua. Konstebo Dafroza, aliyeketi kaunta, aliinua macho, akatazama saa ya ukutani. Saa nne kamili asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala migombani, na kile kituo kidogo cha mlimani, pale lami inapoishia, hakikuwa na mtu mwingine. Akachukua funguo, akafungua. Sakafu kavu, ndoo, dirisha la nondo. Ila kulikuwa na harufu kali, ya kuchacha, kama kahawa iliyomenywa ikasahaulika kwenye maji.

"Panya," alijiambia, akafunga.

Mtu wa mwisho kulala humo alikuwa Melkior, kijana wa kijiji cha Kilema. Walimkamata akimenya kahawa nyumbani kwao, mikono ingali na utelezi. Kosa lake lilikuwa kumrekodi kwa simu Sajenti Leodegar akimchapa dereva wa bodaboda kwa kirungu. Jana yake, Jumatatu, Dafroza alikuwa amempeleka mtoto kliniki, akaingia kazini saa sita. Alikuta selo imeoshwa, na Sajenti ameketi kaunta, macho mekundu.

"Nimemwachia yule kijana," Sajenti alimwambia. "Niandikie kitabuni, mwanangu, mkono unaniuma. Ameachiwa saa nne asubuhi, akiwa mzima."

Aliandika, akasaini. Kwa nini asiandike? Leodegar ndiye aliyempokea alipofika kutoka chuoni hamjui mtu. Ndiye aliyesimamia ubatizo wa mwana wa Dafroza, baba wa mtoto alipokimbia. Mtu wa namna hiyo humwombi ushahidi.

Kesho yake, saa ileile, mlango ukagongwa tena. Keshokutwa maji mazito ya rangi ya udongo yalichuruzika chini ya mlango, na Dafroza alipopiga deki yakarudi. Siku ya nne ikaja sauti.

"Afande."

Dafroza alisimama katikati ya ukumbi, funguo mkononi, na ile harufu ikapanda ikamjaa kinywani mpaka akaionja, na ubaridi ukapita chini ya mlango ukamshika vifundo vya miguu kama mikono iliyolowa, naye akajikuta, bila kujua ameamua saa ngapi, amebandika sikio kwenye chuma.

"Nani?" alinong'ona.

"Umeandika nimetoka." Ilikuwa karibu sana, ng'ambo ya bati tu. "Mbona sijatoka?"

"Melkior? Uko wapi?"

"Shimo la maganda. Kwenye mashine ya zamani ya kahawa. Afande, maganda yana joto."

Sajenti Leodegar alikuwa mgahawani nyuma ya kituo, anakunywa mtori, supu nzito ya ndizi. Dafroza aliketi mbele yake bila kumwamkia.

"Mzee, niambie hukumwua."

Sajenti hakushtuka. Hicho ndicho kilichomwumiza Dafroza kwanza. Sajenti alimalizia kijiko, akafuta midomo.

"Punguza sauti. Mwandiko kitabuni ni wa nani, Dafro?"

"Uliniambia mkono unauma!"

"Na sahihi?"

Dafroza aliitazama mikono yake mezani.

"Basi kaa kimya ulee mtoto. Kwa kitabu kile, wewe ndiye wa mwisho kumwona." Akamtazama kwa upole uleule wa siku zote. "Tuko askari wanne kituoni. Nilikuchagua wewe kwa sababu wewe huwa huniulizi."

Dafroza hakulia. Alirudi kaunta, akakificha kile kitabu ndani ya koti, akapanda bodaboda mpaka Moshi mjini. Ofisa aliyemsikiliza alimwonya mapema.

"Ukisaini maelezo haya, konstebo, na wewe unashtakiwa."

"Naelewa, afande." Akasaini.

Jumamosi shimo lilifukuliwa, na Melkior alikuwemo. Leodegar alikana, akasema ni Dafroza, yule binti ana matatizo ya akili, mpaka simu ya marehemu ilipokutwa darini kwake. Akapelekwa mahabusu. Dafroza akavuliwa sare, akaambiwa asubiri mashtaka.

Lakini mlango haukunyamaza. Askari wapya waligoma kukaa kaunta. Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka, ukagongwa naye angali pale pale. Ndipo Monica, mama yake Melkior, aliposema, "Mwanangu hamjui Padri huyu. Nitamchukua mwenyewe."

Alikuja asubuhi ya Jumatano, ameshika jani la isale, lile Wachagga wanalotoa wakiomba amani. Akataka Dafroza aitwe.

"Shikamoo, mama," Dafroza alisema, amejifunga kitenge, sauti haitoki vizuri.

Mama hakuitikia. "Uliandika ametoka. Fungua atoke."

Dafroza akapewa funguo, akafungua. Mama akaliweka isale kizingitini, akamwita mwanawe kwa Kichagga, bila kilio, kama anavyoitwa mtoto aache mchezo aje kula. Harufu ya kahawa ikatoka nzito, ikawapita usoni, na nywele za Dafroza zikalowa. Mama akapitisha mkono hewani, juu kidogo ya bega lake, kama anayemwegemeza mtu asiyeonekana, akaubana ubavuni, akaanza kutembea ameinama, hatua moja, anasubiri, hatua nyingine.

Kwenye ngazi akasimama, anahema. Kwa mara ya kwanza akamtazama Dafroza machoni.

"Unatazama nini? Mshike upande ule. Mguu umevunjika."

Mwili ulikuwa bado mochwari, familia haijaruhusiwa kuuona. Ripoti ya daktari, iliyoutaja mguu huo, Dafroza alikuwa ameisikia asubuhi ile tu, mpelelezi akiisoma. Hakuna aliyekuwa amemwambia mama.

Akasogea. Akanyoosha mkono mahali ambapo hapakuwa na kitu, na uzito wa mwanamume ukamlalia begani, wa baridi, umelowa, ukamwegemea wote kabisa, kama mtu anayemwamini.