Vidumu Vitembeavyo

Lori lilikatika ekseli katikati ya uwanda wa changarawe, likalala ubavu, na usukani ukambana dereva mguu. Mkewe na dada yake walimchomoa, wakaufunga mguu kwa mbao za kreti, wakamlaza kivulini. Dumu la maji lilikuwa limepasuka. Yalibaki ya kulowesha ulimi tu.

"Tafuteni maji," dereva alisema. "Na msigombane."

"Mwambie mkeo," dada yake alijibu.

Walibeba chupa tupu, wakatembea bila kusemezana mpaka jua likawakaa utosini. Ndipo walipokuta msururu wa wadudu wa rangi ya kutu, wa aina ambayo hawakuwahi kuiona. Tumbo la kila mmoja lilijaa maji, liking'aa kama shanga ya kioo, na kila mmoja alitembea katika kivuli cha tumbo la mwenzake.

"Vidumu vinatembea," mke alisema.

"Basi vinajua maji yalipo. Tuvifuate, wifi."

Walivifuata hadi kwenye kichuguu kikavu. Wadudu waliingia wanene, wakatoka wembamba kama uzi.

Dada aliketi chini. "Nimetupoteza."

Mke alikuwa na maneno makali aliyoyaweka tangu harusi. Aliyameza. Alichuchumaa, akamtazama mdudu mwembamba akirudi alikotoka.

"Hapa ni nyumbani kwao. Wametoka kuteka."

"Tubomoe. Hata tone."

"Tone halitamfikia kaka yako. Na tukiwatawanya, nani atatuongoza?"

Wakawafuata wembamba, safari hii dada akiegemea bega la wifi yake, hadi kwenye ufa wa mwamba uliong'aa maji ndani. Mkono wa dada ulikuwa mwembamba zaidi. Aliuingiza na kitambaa cha kichwa, akakikamua ndani ya chupa, tena na tena.

"Kunywa kwanza," mke alisema. "Ukizimia, mkono huo nitautoaje humo?"

Walimkuta dereva yu hai, midomo imepasuka.

Kesho yake gari la mafundi wa barabara liliwaokoa. Mbele kidogo, msururu ulikatiza njia.

"Simama," wanawake walisema kwa pamoja.

"Ni wadudu tu, mama," fundi alisema. "Na mguu wa huyu umevimba."

"Wanabeba maji," dada alisema. "Zima injini."

Fundi alimgeukia majeruhi, amsaidie kuwashawishi. Dereva aliuma meno, akaushika mguu wake kwa mikono miwili.

"Zima," alisema. "Tutasubiri."