Miti ya Mihogo ya Mama Olga

Mariette hakujua kunyima. Familia mpya ikifika kambi ya Nakivale, Uganda, na kupewa kiwanja karibu naye, hakungoja iombe. Alijitwika fungu la miti ya mihogo, yaani vipande vya shina vya kupandia, akaenda kuwakaribisha. Kwao Fizi, nchini Kongo, walifanya hivyo, na hapa ukimbizini aliendelea. Alichagua miti mirefu kuliko yote. Majirani wengi walikula kwa sababu yake, na jambo hilo lilimpa fahari.

Kitu kimoja kilimtia aibu. Binti yake Olga alisoma chuo kikuu mjini Mbarara kwa ufadhili. Wanawake wa kanisani walipouliza anasomea nini, Mariette aliinamisha kichwa. Jina lenyewe, bioteknolojia, lilimshinda kulitamka.

Olga alipokuja likizo, mama yake hakuzunguka.

"Ile masomo uache. Chuo ikifungua, uingie kwa masomo ya banesi. Batu banagonjwa hapa, na weye unasoma majani!"

"Maman, unisikilize kwanza..."

"Nimesema."

Olga alichukua jembe. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu, na aliyapenda masomo yake. Moyo ulimuuma sana.

Wakaenda kung'oa mihogo. Mashina yalikuwa marefu na majani ya juu yalipendeza. Lakini Mariette alipovunja muhogo wa kwanza, ndani aliona madoa ya kahawia, makavu na magumu kama gome. Wa pili ulikuwa vilevile. Waling'oa mpaka mchana, wakapata mizima michache, isiyojaza hata sufuria.

Hapo akafika Cansilde, mama yake Prudence, jirani yao Mrundi. Alikuwa mjane, na Mariette alimpenda kama ndugu. Siku hiyo hakusalimu. Alitupa muhogo mbovu chini.

"Mama Olga, nilikukosea nini? Ulinipa miti huku unacheka, kumbe ulinipa uchawi! Watoto wangu watakula nini?"

Mariette aliuokota ule muhogo. Cansilde alipoondoka, alikaa chini palepale shambani akalia. Uvumi ulienea, na Jumapili wanawake wa kanisani walikataa kuketi karibu naye.

Kesho yake, shambani, Olga aligeuza majani ya chini ya mihogo, moja baada ya jingine.

"Maman, angalia hapa. Kando ya mishipa iko manjano. Hii haiko bulozi, haiko uchawi. Nazania ni virusi. Lakini kuzania haitoshi, inafaa tupime."

Alichuma majani kwenye mashamba yote mawili, lao na la Cansilde. Kisha wakapitia mji mdogo wa Rwekubo hadi Mbarara, mama na binti. Chuoni, mwalimu wa Olga, Bi Kabanyana, aliwapokea kwenye maabara.

"Karibu, nyabo, bibi yangu. Hii ugonjwa, macho peke yake inaweza kudanganya wewe."

Mariette alimtazama binti yake akivaa koti jeupe na glavu. Olga alisaga majani, akatia dawa, akaweka maji yake kwenye mashine.

"Kila kitu yenye uhai iko na alama zake za urithi ndani," Olga alimweleza. "Virusi pia iko nazo. Mashine inazizidisha mpaka zionekane. Bioteknolojia njo hii, maman. Tunatumia elimu ya vitu vyenye uhai kutengeneza chanjo, dawa, na mbegu nzuri."

"Njo sababu ulikuwa unasoma sana biolojia na kemia kule sekondari?"

"Njo ile."

Baada ya kusubiri sana, majibu yalitoka. Majani ya mashamba yote mawili yalikuwa na virusi.

"Inaua watu?" Mariette aliuliza kwa hofu.

"Hapana, nyabo," Bi Kabanyana alijibu. "Inagonjwesha muhogo tu. Lakini muhogo ikioza, watoto wanalala njaa."

"Ilifika namna gani?"

"Kuna inzi ndogo nyeupe inabeba. Na miti ya kupanda inabeba. Ukikata mti mgonjwa vipande kumi, umepanda wagonjwa kumi."

Mariette alitazama mikono yake. Alikumbuka kila fungu alilobeba, na kila mlango aliobisha kwa furaha.

"Njo mimi nilipeleka," alisema polepole. Olga alimshika mkono.

Mariette aliporudi Nakivale, alikwenda kwa Cansilde kabla ya kufika kwake.

"Mama Prudence, haikukuwa bulozi. Lakini ugonjwa ilitoka kwangu. Sikujua. Unisamehe."

Cansilde aliingia ndani. Lakini Mariette alipoanza kung'oa na kuchoma mihogo yake yote, Cansilde alikuja na jembe, akang'oa naye. Kisha aling'oa ya kwake. Afisa kilimo wa wilaya ya Isingiro aliwaonyesha mahali pa kupata miti iliyopimwa. Msimu ule ulikuwa mgumu. Walilima maharagwe pamoja, na siku nyingine watoto walikula mara moja tu.

Mihogo mipya ilipokomaa, Cansilde alivunja mmoja mbele ya Mariette. Ulikuwa mweupe mpaka kati. Alimpa nusu, wakala mbichi wamesimama.

Mwezi huohuo familia nyingine ikafika. Mariette alikwenda kuwakaribisha na sufuria ya maharagwe. Kichwani hakuwa na fungu.

"Wanasema weye unagawaka miti ya mihogo," mama mgeni alisema.

"Itakuja. Mutoto wangu apime kwanza."

"Mutoto wako ni munganga wa hospitali?"

Mariette aliinua kichwa.

"Hapana. Anasoma bioteknolojia," alisema, bila kukwama. "Ikala chini, nikuelezee."