Macho Mekundu Mbele ya Kitambuzi

Haya alinisimulia Limi mwenyewe, mwaka ule karanga zilipokubali sana, tukiwa tumekaa mkekani tunamenya mbegu.

Yalipotokea, mji wao wa Ibolele ulikwisha kujaa gari-hewa, na pamba ilipaliliwa na roboti. Pale sokoni palisimama Kitambuzi. Ni mashine ya kioo, ndefu kama mlango, ndani yake mwanga wa buluu unapanda na kushuka. Ukifiwa, unawapeleka watu wa nyumbani mwako. Wanapita mmoja mmoja, mashine inawatazama usoni, kisha inamtaja aliyeleta kifo kwa uchawi. Haifoki. Inataja kwa sauti ya upole, kama muuguzi anayekuita ndani.

Limi alifiwa na mtoto wake wa kunyonya. Mashine ikamtaja Nyanjige, mama mkwe wake.

"Ijumaa atahamishwa," akasema Ndalahwa, fundi aliyeiendesha. Kuhamishwa ni kupelekwa ng'ambo ya mbuga, kwenye vibanda vya waliotajwa. Hakuna aliyewahi kurudi.

Masunga, mume wa Limi, alikuwa mhandisi wa maji. Tangu siku ile hakutulia. Anakaa, anainuka. Anashika kijiko, anakiweka. Mashine aliiamini, maana yeye ni mtu wa mashine. Na mama ni mama yake.

"Acha kuzunguka, unanitia kizunguzungu," Limi akamwambia. "Au unataka mama yako atumalize wote?"

"Kipimo cha bomba nikikitilia shaka, napima tena kwa njia nyingine. Mashine hii tumeipima lini?"

"Inapimwaje? Si imesomeshwa?"

"Imesomeshwa nini?"

Swali hilo akampelekea Ndalahwa. Naye akajibu kwa majivuno: imesomeshwa mashauri yote ya zamani, kila aliyewahi kushtakiwa uchawi nchi ile tangu enzi za mababu. Masunga akarudi nyumbani mbio. Mababu walikuwa wakiwashtaki nani? Vikongwe wenye macho mekundu. Na macho yao yalikuwa mekundu kwa nini, kama si moshi wa kuni? Nyumba nzima ilipikia umeme, ila Nyanjige hakuacha mafiga yake uani. Ugali wa umeme, alisema, hauna ladha.

Alhamisi asubuhi Masunga akajaza kuni mbichi mafigani, akauinamia moshi.

"Mwanangu, umepatwa na nini?" mama yake akauliza.

"Napika, mama."

"Unapika nini, na sufuria iko kabatini?"

Alipoinuka, macho yalikuwa mekundu kama pilipili mbivu. Akajitanda khanga ya mama yake mpaka kidevuni, akaenda sokoni, Limi nyuma yake akiona aibu.

"Bibi harusi huyo!" watu wakacheka. "Mahari tayari?"

Masunga akasimama mbele ya kioo. Mwanga ukapanda, ukashuka.

"Huyu ndiye," mashine ikasema kwa upole wake ule ule.

Kicheko kikakatika.

"Juzi iliniacha nikapita," Masunga akasema. "Tangu hapo nimefanya nini, zaidi ya kukaa jikoni?"

Ndalahwa akakifuta kioo kwa mkono wa shati. "Labda ulikuwa umejificha."

Limi ndiye aliyesogea. "Basi twende nyumbani na wewe, shemeji. Kuni bado zinafuka. Ukae kidogo, halafu upite."

Ndalahwa hakwenda. Watu wakangoja, hakwenda. Mama mmoja akaangua kilio, akamwita mama yake aliyeko ng'ambo ya mbuga. Gari-hewa moja ikainuka kuelekea huko, kisha nyingine.

Nyumbani Limi hakufurahi. "Kama si yeye, mwanangu alikufa na nini?"

"Sijui. Nitaanza na maji."

"Maji yako wewe?"

"Yangu mimi."

Akazunguka matangi yote ya mji, akarudi na chupa ya maji ya kupimwa, akasinzia nayo kitini.

Nyanjige alipoambiwa kwamba hahamishwi, hakupiga vigelegele. "Sijalala tangu initaje," akasema. "Naogopa. Labda nikilala natoka mwilini, naua, bila kujijua. Yule mtoto nilimpenda, Limi."

Limi akamtazama macho. Si moshi peke yake uliokuwa umeyachoma.

"Lala, mama. Nitakuangalia. Ukitoka nitakuona."

Bibi akajilaza mkekani mchana kweupe. Limi akakaa akimchunguza pua, mdomo, mikono. Jua likahama ukutani. Hakikutoka kitu ila mkoromo. Ndipo Limi naye akavuta upande wa ile khanga yenye harufu ya moshi, akajilaza kando yake, akalala.