Sahihi ya Saa Saba

Kila siku ya likizo, Wakesho alivuka reli mjini Voi akiwa amebeba bakuli la kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja. Alikuwa akimpelekea mama yake, Rachel, chakula cha mchana kwenye kiwanda cha kamba.

"Enzi zetu hapo," Babu Zephaniah alipenda kumwambia akifunga bakuli, "king'ora kililia saa saba kamili. Mashine zilinyamaza hadi ukasikia ndege. Tuliketi pamoja, na mwenzangu Oduor alikisema vibaya kimanga changu huku akikimaliza!"

Siku hizi king'ora hakilii. Mama alitafuna matonge mawili akiwa amesimama kwenye mizani, kisha akarudia kupima kamba. Bakuli lilirudi nyumbani limejaa, baridi.

Ijumaa moja, msimamizi Musyimi alileta daftari. Mama alitia sahihi. Wakesho akachungulia na kusoma: "Mapumziko, saa saba hadi saa nane."

"Mama, lakini hukupumzika!"

"Shh! Sote tunatia sahihi."

"Na hiyo saa unalipwa?"

"Hailipwi. Daftari linasema nilikuwa nikila."

"Mimi nikiandika uongo shuleni, utaniambiaje?"

Mama akageukia mizani. Jioni alimweleza Babu. "Nikifukuzwa, karo nitatoa wapi?"

"Usigombane na mtu," Babu akasema. "Andika kilichotendeka, basi."

Jumatatu Mama aliandika: "Sikupumzika. Nilikuwa kwenye mizani."

"Umekuwa wakili lini, Mama Wakesho?" Musyimi akafoka. "Futa!"

Mama hakufuta. Nyuma yake, mfanyakazi mwenzake Awuor alinyoosha mkono. "Lete kalamu. Nami nina yangu ya kuandika." Wengine saba wakafuata.

Meneja Maundu alipoliona daftari, alimwita Musyimi. "Afisa wa leba akisoma haya, nitamjibu nini?" Mwisho wa mwezi, saa zote zililipwa. Tangu hapo wafanyakazi walipokezana mizani, kila mmoja apate saa yake ya kula.

Siku moja Babu alimsindikiza Wakesho. Walimkuta Mama ameketi kivulini na Awuor.

"Chakula gani hiki cha kukwama kooni?" Awuor akalalamika, akichota tena.

Babu alicheka hadi akafuta machozi. "Wewe ni binti ya Oduor kweli!" Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Saa ya chakula ni haki ya mfanyakazi. Akifanya kazi saa hiyo, alipwe. Lakini hakuna atakayejua ikiwa yeye mwenyewe anatia sahihi uongo."

Siku hiyo bakuli lilirudi nyumbani tupu.