Siku Fumie Alipoondoa Nenosiri

Wenzangu wa mtaa huu, mliowahi kunywa chai kwa Fumie mnakumbuka nyumba ile ilivyokuwa na amani. Yeye akikoroga pipa la nili, ile rangi ya bluu ya kutia vitambaa, binti yake Chinatsu akisuuza vitambaa, mkwewe Takuro akianika. Bluu yao haikuwa na mfano katika mkoa mzima wa Tokushima. Vipimo vyake vya majivu, pumba na chokaa, marehemu mumewe aliviandika kwenye kompyuta, akaufunga waraka kwa nenosiri. Alilijua Fumie peke yake.

Takuro aliingia humo kama mwana: aliacha jina la babake, akachukua la ukoo wa mkewe. Hata hivyo, siku ya kuchanganya rangi alitumwa nje.

"Mama, nimeoa au nimeajiriwa?" aliuliza siku moja wakila tambi. "Jina lenu nimelibeba, na bado mimi ni mgeni?"

Alisema akicheka, lakini Fumie hakumaliza bakuli lake. Alikuja kwangu moja kwa moja.

"Orie, dada yangu, nimfiche siri mtu aliyebeba jina letu? Naona aibu."

Nami, kwa mdomo wangu huu, nikamjibu, "Aibu kweli. Mwondolee hilo kufuli."

Kesho yake akafungua waraka kwa nenosiri lake, akaenda pale pa kuulinda, akafuta vile vidoti vyote vinavyoficha nenosiri, akaacha patupu, akahifadhi. Alipoufungua tena haukumuuliza kitu. Takuro aliinama hadi paji la uso likagusa mkeka.

"Asante, mama. Leo ndiyo niko kwetu."

Fumie alilia kwa furaha. Nami nililia, mjinga mimi.

Haikupita miezi mitatu, kiwanda kimoja cha mjini kikatoa vitambaa vya bluu ile ile. Wateja wakahamia huko. Kisha Takuro akafungasha vitu vyake: kiwanda kilekile kimempa usimamizi wa idara ya rangi.

Fumie alimkuta mlangoni akivaa viatu.

"Takuro, ulinipigia magoti. Umetuuza?"

"Sijavunja kitu, mama. Waraka ulikuwa wazi. Uliufungua mwenyewe."

"Nilikufungulia wewe, si wao."

"Basi ungesema."

Akaenda zake. Chinatsu hakumfuata. Mapipa yamekauka, na Fumie haniiti tena kwenye chai. Simlaumu.

FUNZO

Kikulacho ki nguoni mwako. Takuro ni msaliti, na tamaa yake ndiyo iliyoibomoa nyumba ile. Mtu asimtetee mbele yangu. Lakini mwenye siri ya urithi asiiondolee ulinzi kwa kuogopa kuonekana mkali. Akupendaye kweli hataudhika kusubiri uandike herufi nane za nenosiri. Na wewe mshauri, usifanye ukarimu kwa mali ya mwenzio. Mimi niliufanya, na rafiki niliyempoteza ndiye pekee niliyekuwa naye.