Mkono wa Hénock si mali ya bosi

Jumapili moja ya mwaka 2017, katika chumba chao cha kupanga La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, Arlène alimfunga mumewe Hénock vifungo vya shati. Mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi.

"Na leo utarusha mpira?"

"Nitafanya nini? Patron ndiye aliyenipa kazi ya ulinzi. Nikikataa kumchezea, kazi imekwenda."

Hénock alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya kampuni. Bosi, huyo patron, aliiunda kwa ujanja: walinzi wageni watupu, wenye nguvu na woga. "Sisi ni familia," aliwaambia. Wimbo huo mabosi wa Johannesburg wanauimba tangu enzi za machimbo, na bado wapo wanaoucheza!

Mlangoni alisimama jirani yao Léocadie, mjumbe wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha nguo.

"Eish, shemeji! Mkono ukifa, patron atakupa wake?"

"Dada, mimi mgeni hapa."

"Sheria ya kazi inamlinda hata mgeni. Na mchezo wa Jumapili si zamu yako. Lakini usikatae peke yako, utafukuzwa kama kuku jikoni. Ongea na wenzako. Bila watu tisa hana timu."

Uwanjani Hénock aliwaeleza wenzake maneno ya Léocadie. Steve, mdakaji, akavuta suruali juu. Goti lilikuwa limevimba.

"Leo wewe, kesho mimi," alisema.

Hénock akamwambia bosi kwamba leo harushi. Bosi alicheka. "Ameir! Rusha wewe. Na huyu kesho asije kazini."

Ameir alikuwa mgeni kazini, mwenye njaa ya nafasi. Ameir akachukua mpira, akaenda katikati ya uwanja, akauweka chini. Akaketi.

"Mimi pia nina mkono, bosi."

Steve akaketi. Wakaketi wote.

"Nimewalisha nyinyi!"

"Nani kamlisha nani?" Steve alifoka. "Mageti yako nani anayalinda?"

Watazamaji wakapiga makofi. Mwamuzi akatazama saa: wasipoanza, ushindi ni wa wapinzani.

"Mnataka nini?" bosi aliuliza, jasho likimtoka.

Hénock alisimama. "Aliyeumia apumzike. Ulipe daktari. Asiyecheza asiguswe kazini. Andika, utie saini mbele ya mwamuzi."

Bosi akaandika.

Hénock alitibiwa, akapona. Yeye na Ameir sasa hurusha kwa zamu, na timu nzima imejiunga na chama. Msimu uliofuata walinzi wa kampuni nyingine walimjia.

"Kaka, mlifanyaje?"

"Tulikaa chini," Hénock alijibu. "Wote."